Msiba Hautumwi kwa Posta

Beirut, 12 Agosti 1996

Yeshi, we mtoto msumbufu,

Barua ya kaka Ayalew imenikuta jikoni nikimenya vitunguu, kwa hiyo Madamu hakujua nalia kitu gani. Ati umelazwa hospitali kuu Addis na utapasuliwa. Miezi mitatu tumbo linapanda. Zahanati wakasema amiba, halafu taifodi, halafu majirani wakaacha kusema na kuanza kuhesabu miezi, wakingoja uzae. Mama akakupeleka kwenye maji ya baraka, na mimi simlaumu, lakini tumbo la msichana wa miaka ishirini na moja halivimbi bure.

Sasa nisikilize. Usiwaogope madaktari. Wakikuuliza, jibu kwa sauti, usitazame vidole vya miguu kama bibi harusi. Waulize wamekuta nini, kisha niandikie wewe mwenyewe, maana kaka yetu akiandika barua utadhani anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake.

Orodha yako nimeipata. Viatu vyekundu, redio ndogo, na mafuta ya nywele ya yule mwanamke wa gazetini. Mgonjwa gani huyu anaagiza viatu vya kisigino? Haya, nitakuja navyo Pasaka, mkataba wangu ukiisha.

Dada yako anayekuchoka na kukupenda,
Askale

*

Dessie, 9 Septemba 1996

Mdogo wangu Askale,

Sisi sote hatujambo, Mungu asifiwe. Operesheni imekwisha salama. Walikuta uvimbe kwenye ovari moja, wa kawaida tu kama wanavyopata wanawake wengi, wakautoa. Yeshi bado mnyonge. Yuko kwa shangazi Addis anajikusanya nguvu, ndiyo maana hajashika kalamu.

Mama anakusalimu sana. Sauti imemkauka kidogo, ni mafua. Usihangaike kupiga simu, ya shangazi imekatwa. Wewe tulia ufanye kazi yako na kumtii mwenye nyumba. Subira huvuta heri.

Nakutakia heri ya mwaka wetu mpya. Samehe ufupi wa barua, shule inakaribia kufunguliwa.

Kaka yako,
Ayalew

*

Addis Ababa, 16 Septemba 1996

Mwalimu Ayalew,

Pole tena kwa kifo cha mdogo wako Yeshi. Ile tarehe 30 Agosti, ulipokuja kuchukua maiti, ulinipita ukumbini nikiwa bado nasema. Sikulaumu. Lakini nilikuwa sijamaliza, kwa hiyo namalizia kwa kalamu.

Mimi si daktari wa kushika watu mikono. Wagonjwa wangu hunijia vipande vipande, ndani ya chupa, nami huwatazama kwa hadubini. Kipande cha Yeshi kilisomwa kwanza na mwenzangu, akasema ni ile saratani ya ovari ya wasichana ambayo husikia dawa. Akapewa dawa hizo, hazikugusa kitu. Nilipokitazama mimi niliona chembe ndogo nyeusi zimebanana kama punje za teff guniani, na hapa na pale vishimo vyenye majimaji. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, na hiyo nimeiona mara mbili tu. Ni adimu, ni kali, na huwaandama wasichana. Huongeza damuni yale madini ya mifupa, kalsiamu, mpaka yakazidi. Ndiyo ile kiu yake isiyokatika, ndiyo kufunga choo, ndiyo kuweweseka kwa siku za mwisho mlikodhani ni shetani.

Sasa neno lenyewe. Vitabuni zimeandikwa familia chache ambamo ugonjwa huu ulimpata dada na dada yake, mama na binti yake. Uliniambia una dada mwingine, wa miaka ishirini na sita. Apimwe. Picha ya tumbo, na damu itazamwe kalsiamu, kila baada ya miezi michache. Ukikutwa mdogo, ungali upande mmoja, ukatolewa, mtu ana nafasi. Ukishapasuka na kutapakaa, sina la kukuahidi.

Je, yuko mwingine katika ukoo aliyekufa kijana, tumbo limevimba?

Dk. Senait Habtu

*

Dessie, 25 Septemba 1996

Daktari Senait,

Yuko. Mama yetu mdogo, kwao kitindamimba. Alikufa na miaka ishirini na tatu, tumbo kama la mwenye mapacha. Sisi tuliambiwa ni jicho la watu.

Lakini nisikilize na mimi. Askale yuko Beirut, mtumishi wa ndani, na hajui kwamba Yeshi amekufa. Wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kufundishwa. Msiba hautumwi kwa posta. Msiba hupelekwa na watu, alfajiri, kabla mtu hajatia kitu kinywani. Mlango unagongwa, wanaingia wote, mmoja anasema na wengine wanamshika asijipige chini. Kule nani atamshika? Ataisoma barua jikoni kwa watu, peke yake, kisu mkononi.

Na mama ameniapisha mbele ya picha ya Bikira kwamba Askale ataambiwa na yeye, na ataangukia kifuani pake, si pengine. Ndicho kitu pekee alichoomba tangu tuzike. Nikimwandikia Askale kwamba ugonjwa ni wa ukoo, swali lake la kwanza litakuwa, Yeshi je? Siwezi kutaja hili nikaliacha lile.

Anarudi Pasaka. Ni miezi saba. Akifika atalia, kisha nitamleta kwako mwenyewe.

Mwl. Ayalew

*

Addis Ababa, 20 Oktoba 1996

Dada mpendwa Askale,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi naendelea vizuri kwa neema za Mungu. Kidonda kimefunga. Shangazi ananilisha supu ya kondoo kila siku, na kaka Ayalew amekuwa nguzo yetu sote.

Nimejifunza mengi katika ugonjwa huu. Afya ni utajiri mkubwa, na mvumilivu hula mbivu. Usinifikirie sana wala usijisumbue kwa ajili yangu. Sihitaji kitu chochote. Rudi salama tu.

Mdogo wako mtiifu,
Yeshi

*

Beirut, 17 Novemba 1996

Yeshi mtiifu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hospitali imekunyoosha, mpaka methali umejua. Nashukuru kwamba kaka ni nguzo.

Mwambie mama ale. Mwambie asilale sakafuni, baridi ya Dessie mwezi huu huingia mifupani, na magoti yake si ya kuchezea. Mwambie nikifika nitamkumbatia mpaka aniombe nimwachie.

Mimi nipo. Nimechoka tu. Siku hizi nashinda na kiu, chakula cha hawa watu kina chumvi. Madamu kanipa kitambaa chake cheusi cha zamani, ndicho ninachojifunga kichwani kila siku. Ananiuliza sina kingine? Namwambia hiki kinanitosha.

Lala vizuri, mdogo wangu.

Askale

*

Addis Ababa, 10 Desemba 1996

Mwalimu Ayalew,

Nilikujibu mara ile ile, nawe umenyamaza miezi miwili na nusu, na mimi si mtu wa kunyamaziwa.

Desturi ninaijua. Baba yangu alikufa nikiwa masomoni ng'ambo, nikaambiwa baada ya miaka minne, siku niliyorudi, na kundi la watu wa nyumbani waliokuja na shuka nyeupe mabegani. Nilianguka, wakanidaka. Sitaikejeli hata siku moja. Lakini desturi hiyo wazee waliiweka kwa ajili ya kifo, kwa sababu kifo kikishatokea hakina haraka tena. Ugonjwa una haraka. Ule niliouona kwa hadubini huongezeka wiki kwa wiki, haujui Pasaka ni lini.

Basi nakupunguzia mzigo. Kifo usikitaje. Yeshi mwache awe hai karatasini kama mlivyokubaliana. Andika hivi tu: "Katika ukoo wetu kuna saratani ya ovari, ilimwua mama mdogo. Nenda upigwe picha ya tumbo na upimwe kalsiamu." Mistari miwili, Mwalimu. Watoto wako wa darasa la tatu unawapa insha ndefu kuliko hiyo.

Dk. Senait Habtu

*

Dessie, 8 Januari 1997

Mdogo wangu Askale,

Jana tumekula Krismasi yetu salama. Mama alichinja kuku, akakuwekea paja lako kama kawaida yake.

Kuna jambo dogo. Mama ameota ndoto juu yako, na tangu hapo hana raha. Anataka ukapimwe mwili. Hakuna tatizo lolote, usije ukashtuka, ni mama tu, unamjua. Ukipata nafasi mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa daktari akutazame kwa jumla. Kisha niandikie ili mama atulie.

Yeshi anakusalimu.

Kaka yako,
Ayalew

*

Beirut, 16 Februari 1997

Kaka Ayalew,

Mwambie mama alale usingizi. Nimepimwa, na matusi juu.

Madamu aliona tumbo langu nilipokuwa juu ya ngazi nikifuta madirisha. Akafunga mlango, akaniuliza ni nani, bawabu au yule kijana wa duka la mboga? Nikamwambia, Madamu, labda Malaika Gabrieli, maana Jumapili natoka kwa saa tatu tu na zote nakuwa kanisani. Kofi lake bado nalisikia.

Akanipeleka kwa daktari wake. Akaingia na mimi, akakaa, na maswali yote akajibu yeye. Wakapima mkojo. Hakuna mimba. Hapo daktari akawa hana hamu na mimi tena. Aliuliza choo, nikamwonyesha vidole vinane, siku nane sijaenda. Akaandika dawa ya kulainisha choo. Nikamwomba anitazame zaidi. Anitazame nini? Sikuwa na la kumwambia, kaka. Nikasema mama yangu ameota. Madamu akamtafsiria, wakacheka wote wawili.

Basi ndivyo nilivyopimwa. Nanywa maji mpaka Madamu ameanza kufunga jokofu kwa ufunguo. Natapika asubuhi. Juzi nilisahau jina la mtoto ninayemlea, nikasimama naye mlangoni namtazama tu. Mwili ni wangu na haunitii. Pasaka ije upesi.

Askale

*

Addis Ababa, 4 Machi 1997

Mwalimu Ayalew,

Nakala ya barua ya dada yako imenifikia leo, nimeisoma nimesimama. Tumbo, kiu, choo, kutapika, kusahau. Hadubini yangu haifiki Beirut, na kwa haya siihitaji.

Nilikuomba mistari miwili ukaenda kuandika ndoto.

Ndani ya bahasha hii mna barua yangu kwa Kifaransa, kwa daktari yeyote wa huko atakayempokea. Nimeeleza habari za Yeshi, za mama mdogo, na nilichokiona. Kwanza kalsiamu ishushwe, kwa maji ya mshipa na dawa, maana yenyewe peke yake inaweza kumwua kabla ya saratani. Kisha apasuliwe na mtu wa saratani za wanawake, si mpasuaji wa kila kitu. Mtafute msafiri anayekwenda wiki hii, umkabidhi mkononi.

Na mwambieni. Alfajiri au adhuhuri, mimi sijali. Mwambieni.

Dk. Senait Habtu

*

Dessie, 6 Machi 1997

Dada Bogalech,

Hatujuani kwa sura, lakini Askale huandika kwamba wewe ndiye mkubwa wao pale kanisani Beirut, na kwamba mgeni akishuka bila kitu wewe humvika. Nakuomba kazi ambayo ilikuwa yangu.

Mdogo wetu Yeshi alifariki tarehe 30 Agosti mwaka jana. Askale hajui. Wakusanye wanawake wa kutosha, mwende Jumapili alfajiri. Mwambieni mwenye nyumba kuna ibada. Msimwambie mkiwa mmesimama. Kaeni, mshikeni mikono yote miwili, na mmoja akae nyuma yake. Ni mwembamba lakini ana nguvu.

Akimaliza kulia mpeni barua ya daktari, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali. Msikubali zahanati. Kama mwenye nyumba atazuia, pigeni kelele mpaka majirani watoke.

Mama yangu asijue kwamba Askale ameambiwa. Nimevunja kiapo chake, na nimechelewa kukivunja.

Ayalew

*

Beirut, 2 Aprili 1997

Kaka Ayalew,

Walikuja, wanawake tisa, Bogalech mbele. Madamu aliwafungulia na gauni la kulalia. Walinikalisha, mmoja akanizunguka nyuma. Bogalech alipofungua kinywa nikamwambia, usijisumbue dada, Yeshi amekufa, najua. Wakaangua kilio wao. Mimi ndiye niliyewashika.

Nilijua tangu ile barua uliyoandika kwa jina lake. Yeshi hajawahi kuniandikia bila kuniomba kitu. Akiwa na homa aliomba, akiwa amenuna aliomba. Nilipofika pale anaposema hahitaji kitu chochote, nikaikunja karatasi, nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikalia mpaka Madamu akagonga kwa ajili ya maji yake. Siku arobaini nilizihesabu peke yangu. Nikakujibu kana kwamba yupo, kwa sababu namjua mama. Nilijua anataka kunipa msiba ule kwa mikono yake, na kama ningemnyang'anya hata hilo, abaki na nini? Kwa hiyo nilikubali kudanganywa. Kwa hilo sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa wote.

Kifo nilikijua, Ayalew. Ugonjwa ndio sikuujua, na ugonjwa ndio uliokuwa wangu. Ulikesha unalinda kisichohitaji kulindwa. Mimi nilidhani Yeshi alikufa kwa mkono wa mpasuaji, au kwa damu, au kwa uzembe wa hospitali. Ungeniambia jina lake tu, ningemwambia yule daktari pale pale, wala asingepata cha kucheka.

Hapa nimepata daktari mwanamke. Aliisoma barua ya Daktari Senait mara mbili, akavua miwani. Kalsiamu wameishusha, ndiyo maana leo nakuandikia na akili zangu. Kisha wakanipasua. Ulianzia ovari ya kulia, umepasuka, umetapakaa utando wa tumbo mpaka kwenye ini. Walichoweza wamekitoa. Sasa wananipa dawa ya mshipa, na nywele zinabaki kwenye mto wa kulalia, nazikusanya kila asubuhi. Madamu ameniletea begi na pasipoti, akaviacha kwa bawabu wa hospitali. Hakupanda juu.

Nilimwuliza daktari, mwezi wa Novemba ungekuwa wapi? Hakutaka kusema. Nikalishika koti lake. Akasema labda ungekuwa kama yai la kuku, upande mmoja. Labda. Na hilo labda ndilo ninalolala nalo.

Sikusamehe. Pengine baadaye, kama kuna baadaye. Usiniandikie methali hata moja.

Nataka kitu kimoja kwako. Binti yako Hirut ana miaka kumi na miwili. Daktari wa hapa anasema hata yeye yumo hatarini, kwa kuwa ni damu yetu, na ugonjwa huu umri huo unaujua. Mpeleke kwa Daktari Senait. Mwambie mtoto jina la ugonjwa, mwambie lini apimwe na apimwe nini, uandike na kwenye daftari lake. Mwambie mchana, unamtazama machoni, hata kama huna mtu wa kukushika wewe.

Mama usimwambie habari zangu. Yeye akijua haponi mtu, Hirut akijua huenda akapona. Huo ndio mpaka, kaka, na ungeuona tangu mwanzo kama ungetulia. Karatasi ya pili ni ya mama. Msomee kama ilivyo, usiongeze neno.

Askale

*

Beirut, 2 Aprili 1997

Mama yangu,

Usikasirike. Madamu ameniomba nimwongezee mwaka, na mimi nimekubali, kwa hiyo Pasaka hii sitafika. Usimgombeze Ayalew, ni uamuzi wangu.

Sijambo kabisa. Sasa hivi kazi imepungua, nakaa zaidi kuliko ninavyosimama. Chumba changu kina dirisha, na kuna dada mmoja mwema anakuja kuniuliza hali asubuhi na jioni. Bogalech wa kanisani ananipikia mchuzi wa shiro, si kama wako, pilipili ya berbere ya huku haina moto, lakini naula wote.

Nimesikia bado unafunga saumu mpaka alasiri. Mama, umri umekwenda, Mungu haoni haya kukusamehe. Kula mapema. Vaa soksi. Na usilale chini, tafadhali.

Najua una mengi ya kuniambia nikija. Yaweke, utaniambia yote mwenyewe.

Na Yeshi nisalimie.

Mwanao,
Askale